Mwanangu wa Dirishani

Nianze na mikono yake, maana ndiyo niliyoanza kuichukia. Ilikuwa mifupi na minene, mikono ya mwanamke wa jembe, lakini ikishika kile kisu bapa cha kuhesabia vidonge inakuwa myepesi kama ya mshonaji. Tano, kumi, kumi na tano. Vidonge vinateleza juu ya sahani, vinaingia kwenye kikaratasi, kikaratasi kinakunjwa mara mbili, pembe inachomekwa ndani, na hata ukikitupa sakafuni hakimwagi. Mimi nilisomea uuguzi miaka mitatu, nikavaa kofia nyeupe na saa ya kifuani, na vikaratasi vyangu vilikuwa vinamwaga.

Tulifanya kazi pamoja katika hospitali moja mjini Shinyanga, miaka ya sabini. Mimi nilikuwa nesi wa wodi ya wanawake, yeye alikuwa mtoa dawa. Wagonjwa walimwita Mama wa Dirishani, kwa sababu alikaa nyuma ya dirisha dogo lenye nondo mwisho wa baraza, na watu wengi hawakuwahi kumwona zaidi ya kifua na kilemba. Alinizidi miaka kama kumi, kwa hiyo kila asubuhi ilinibidi nimwamkie. Nilikuwa natoa ile shikamoo ya kumeza nusu. Yeye aliitikia marahaba kamili, kisha akaniuliza habari za nyumbani na kusubiri jibu.

Niseme mapema msije mkanidhania mwema. Nilimwonea wivu mwanamke huyu miaka mingi, na wivu wenyewe haukuwa wa mshahara wala wa cheo, maana kwa vyote viwili nilimzidi.

Neno lake kubwa lilikuwa "Fungua." Mgonjwa akifika dirishani na cheti cha daktari, badala ya kukipokea, alikuwa anaangalia kwanza pindo la kanga au mfuko wa koti. "Fungua, mama. Vyote." Basi pale kwenye ubao wa dirisha kilimwagwa kila kitu: vidonge vya mwaka juzi vilivyogeuka rangi, dawa ya kikohozi ya mtoto ndani ya chupa ya soda, unga wa mizizi kutoka kwa mfumu, yule mganga wetu wa jadi ambaye hakuna mtu wa Usukuma asiyemjua ila akiwa hospitali. Watu walikuwa wanaona aibu. Yeye hakucheka wala hakukunja uso. Aliuliza tu kinaliwa lini, kinaliwa na nini, na nani alikitoa. Aliyeficha aliambiwa, "Mficha uchi hazai, baba. Mimi siwezi kukupa dawa ya juu ya dawa nisiyoijua."

Kisha, mara nyingi, alimrudisha kwa daktari. "Nenda ukamwambie mwenyewe kwamba unakunywa na hiki. Usiseme nimesema mimi. Sema wewe, ndiyo mwili wako."

Alikuja daktari kijana, mgeni, akaona wagonjwa wake wanarudi kama barua zisizo na anwani. Siku moja alitoka chumbani kwake akaenda mpaka dirishani, mstari wa watu unasikia.

"Hapa nani daktari?"

"Wewe, daktari," akajibu. "Ndiyo maana nimemrudisha kwako."

Nilikuwa nimesimama karibu na beseni la sindano nikiomba afukuzwe. Daktari alisimama kidogo, akakichukua cheti, akakisoma upya, akakata mstari mmoja kwa kalamu. Hakuomba radhi. Ila kuanzia mwezi ule kila mzee aliyeingia chumbani mwake aliulizwa, "Kule dirishani utafungua nini?" Mimi nilikesha na wagonjwa wale wale wodini, nikawageuza na kuwaogesha, na hakuwahi kuniuliza mimi.

Jambo la pili lilikuwa ng'ombe. Sisi wauguzi tulikuwa tunasema, "Kutwa mara mbili," mgonjwa anaitikia "Ndiyo, nesi," na anaondoka bila kuelewa. Kutwa ya mtu wa kijijini kama Didia haina saa. Yeye aliinamisha kichwa kwenye nondo akauliza, "Ng'ombe wenu wanatoka zizini saa ngapi?"

"Umande ukikauka."

"Basi kabla hujafungua zizi, kimoja. Wakirudi, kabla hujafunga, kimoja. Na mwezi wa nane mkiwapeleka malisho ya mbali?"

"Nitafuata mbuzi."

"Haya. Fuata mbuzi."

Niliusikiliza ujanja ule, nikauiba. Nikamruhusu kutoka wodini bibi mmoja aliyekuwa na kifafa kwa maneno hayo hayo ya ng'ombe kutoka na ng'ombe kurudi, nikajiona mjanja. Baada ya miezi miwili aliletwa ameungua mkono. Alikuwa ameangukia moto. Ng'ombe wake walikuwa wamehamishiwa mbali kutafuta nyasi, na zizi tupu halifunguliwi wala halifungwi, kwa hiyo mzee aliacha dawa kwa utiifu kabisa. Mtoa dawa alipoisikia habari ile aliniita pembeni. Nilijiandaa kwa kicheko.

"Swali la pili, mdogo wangu," alisema. "Hukuuliza swali la pili."

Afadhali angenicheka.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa sukari mpaka watu walikuja kazini na yao. Umbea aliupenda kuliko chai. Alikuwa na ukali wa ghafla: nilimsikia akimfokea mwanaume mzima, mfanyakazi wa kiwanda cha pamba, kwa kuwa alimpa mdogo wake vidonge vya mkewe, mpaka yule bwana akalengwalengwa na machozi mbele ya watu. Na yeye mwenyewe kichwa kikimuuma alitafuna vidonge viwili vya maumivu kwa chai ya rangi kama karanga, bila kumwuliza mtu. Siku moja mkoba wake ulianguka, nikaona mzizi umefungwa kwenye kitambaa. Moyo wangu ulicheza ngoma. Mkristo wa kupokea komunyo kila Jumapili, anayewamwagisha wenzake, naye ana mzizi! Nilikaa na siri ile siku mbili nikiionja, kisha nikaenda kumnong'oneza daktari.

"Aa, wa tumbo," akasema daktari bila kuinua kichwa. "Aliniambia mwaka jana."

Ndivyo ilivyokuwa kwangu na mama yule. Kila nilipomtegea, nilinasa mwenyewe.

Sasa nije kwenye kidonda chenyewe. Mama yangu mzazi alikaa Didia, na moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Miguu ilivimba, akipanda ngazi mbili tu anashika ukuta. Daktari alimwandikia vidonge vidogo vyeupe vya moyo, nusu kila asubuhi, na vingine vya kukojoza maji. Aliambiwa arudi kila mwezi. Nilipanga kumchukulia dawa mwenyewe, lakini mama alikataa. Alitaka kwenda dirishani kama watu wengine.

Mara ya kwanza alikaa pale muda mrefu. Mara ya pili alikuja na kikapu cha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na nikanyoosha mkono kukipokea.

"Hicho si chako, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma kama mzazi anavyomwita bintiye. "Chako kiko nyumbani. Hicho cha mwanangu wa dirishani."

Mwanangu! Mimi ndiye niliyetoka tumboni mwake. Mimi ndiye niliyempelekea kanga kila sikukuu. Nilimwambia mama mwaka mzima apunguze chumvi, akanijibu kwamba mboga bila chumvi ni majani. Mtoa dawa alimwambia mara moja tu, na mama akaacha. Nilipomwuliza kwa nini, alisema, "Yeye aliniuliza kwanza napenda kula nini." Usiku ule sikula. Nilisema nina mafua.

Nikapata uhamisho. Nilipelekwa magharibi, upande wa Geita, zahanati iliyokuwa karibu na wachimbaji wa dhahabu. Nilifurahi kwenda, nikajua huko angalau jina lake halijafika. Wachimbaji wale walikuwa na udaktari wao: vidonge vya rangi mbili walivifungua na kunyunyizia unga wake kwenye kidonda, vingine wakameza kabla ya kushuka shimoni wakisema vinazuia vumbi. Wiki ya pili aliingia mmoja mwenye homa, nikamwandalia dawa. Hakuipokea.

"Nesi, hujaniuliza nakunywa nini kingine."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Kuna mama mmoja Shinyanga, pale dirishani."

Nilimwuliza anakunywa nini kingine. Alikuwa na ile ile dawa tayari mfukoni, dozi nzima, aliyouziwa na mlanguzi. Ningempa ya pili juu yake. Nilitakiwa nishukuru, lakini nilimkasirikia siku nzima.

Ni huko ndiko nilikofanya kosa. Nilimweleza tabibu wa zahanati, kwa mdomo tu, kwamba mama yangu ana ugonjwa wa moyo na miguu bado inavimba. Hakumwona mama, hakuona cheti chake, aliniamini mimi. Akatoa vidonge vile vile vidogo vyeupe, kimoja kizima kila asubuhi. Nilivikunja vizuri, nikaandika juu ya karatasi kwa mwandiko wangu, na likizo fupi ilipofika nikavipeleka Didia.

"Mama, sasa dawa nitakuletea mimi. Kule dirishani huna haja ya kwenda tena."

"Sawa, mayu," akasema mama.

Sikufungua kifundo cha kanga yake. Sikuuliza ndani kuna nini. Nilikuwa na haraka ya kushinda.

Niliporudi baada ya miezi miwili ilikuwa msimu wa kuchuma pamba. Nilimkuta mama amelala kwenye mkeka nje ya nyumba, hali chakula, kila anachoonja kinarudi. Mbele yake kulikuwa na lundo la pamba ya shamba letu, nyeupe ya kuumiza macho.

"Pamba ya mwaka huu imeharibika," aliniambia. "Angalia ilivyo ya manjano. Na maziwa pia ni ya manjano."

Nikasema ni malaria, imempanda kichwani. Nilimpa maji ya chumvi na sukari, nikamfuta kwa kitambaa. Alisema kwa sauti ndogo, "Nipeleke kwa mwanangu wa dirishani." Kama angesema "nipeleke hospitali" ningempeleka saa ile ile. Lakini alisema alivyosema, na mimi nikajibu, "Mama, mimi ni nesi. Tulia." Nilimchelewesha siku nzima. Mnaonisoma, hiyo siku moja ipo katika maisha yangu na haifutiki.

Kesho yake nilimshika mkono kupima mapigo, nikadhani saa yangu imesimama. Yalikuwa machache mno, yanakuja yanapojisikia. Nilikimbia barabarani, nikasimamisha lori la pamba, tukampandisha juu ya magunia.

Mtoa dawa hakuwa na desturi ya kutoka dirishani saa za kazi, hata mvua ikivuja. Siku ile alitoka. Nadhani aliona machela ikipita. Wodini, daktari alipokuwa ameshaweka kipimo kifuani kwa mama, tukasikia kandambili za mtoa dawa nyuma yetu. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, mwadila," alimsalimu kwa Kisukuma. "Unaona rangi gani?"

"Manjano, mwanangu."

Akamtazama daktari, na daktari akamtazama yeye; vidonge vya moyo vikizidi mwilini, mtu huona manjano. Kisha akasema neno lake. "Fungua, mama."

Vidole vya mama vilishindwa na fundo, nikataka kumsaidia, akanisukuma mkono. Kifundo kikafunguka. Ndani ya kanga vilikuwa vikaratasi viwili, kimoja kimekunjwa kwa ule mkunjo wa dirishani, kingine kina mwandiko wangu.

"Unakunywa vipi?" akauliza daktari.

"Vyote," mama akasema. Aliongea kwa kupumzika-pumzika. "Mimi nimeolewa mke wa pili. Baba yao alikuwa anakula kwa mkubwa, halafu anakuja anakula na kwangu, hata kama ameshiba. Asingekula, kungekuwa na vita. Hawa wote ni wanangu, wote wamenipikia. Nikiacha cha mmoja, atalia."

Daktari alinigeukia. "Wewe ulimpa kiasi gani?"

Nilijua jibu. Nilijua pia kwamba jibu lile litanivua nguo mbele ya wodi niliyowahi kuiongoza, mbele ya yule mwanamke.

"Nusu," nikasema.

Daktari alianza kuandika. Mtoa dawa alikuwa bado amepiga magoti, na hakuinua sauti.

"Mdogo wangu, hapa hatutafuti mkosaji. Tunatafuta kipimo."

Mama alikuwa ananitazama kwa macho yake ya manjano. "Kizima," nikasema. "Kizima kila asubuhi. Miezi miwili. Na jana nilikaa naye nyumbani kutwa." Kalamu ya daktari ilikata alichoandika.

Vidonge vyote vilisimamishwa. Kazi iliyobaki ilikuwa kungoja moyo wenyewe uamue, na kuhesabu. Siku tatu tulihesabu. Yeye alikuja kila alipofunga dirisha, akashika mkono wa kushoto, mimi nikashika wa kulia. Ndiyo, hata hapo wivu ulikuwepo. Nilipopata thelathini na nane naye akapata arobaini, niliona kama ameniibia mapigo mawili. Siku ya nne mama aliomba uji, akauliza kwa nini shuka za hospitali ni nyeupe hivyo, nami nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko.

Kabla hajaruhusiwa, daktari alituketisha wote watatu. Aliandika karatasi moja: dawa za mama, kiasi, wakati, na nani anatoa. Mtu yeyote atakayeongeza au kupunguza aandike hapo na amweleze yeye kwanza, hata kama ni mtoto wake, hata kama ni mfumu. Mtoa dawa alimsomea mama mpaka akaijua kwa moyo. Tabibu wa zahanati nilimpelekea nakala mwenyewe, na maneno aliyoniambia nilistahili. Mama aliishi miaka sita mingine, akachuma pamba, akazika wifi zake wawili. Kila mwezi alikwenda dirishani na kikapu, na mimi sikusema kitu.

Mama alipofariki, moyo uliposimama wenyewe mchana mmoja bila kumsumbua, tulikuwa tumeshaingia miaka ya themanini, na mtoa dawa alikuwa amestaafu. Alipanga chumba mtaa wa Kambarage. Matanga yalipokwisha nilikwenda kumtembelea, maana alikuja mazikoni na sikumshukuru. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni anabangua karanga. Miguu yake sasa ilikuwa imevimba. Nilitoa shikamoo, safari hii nzima.

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu. Sukuma hizo karanga ukae."

Tulibangua pamoja. Nilimwambia kwamba wakati wa matanga nilimkumbuka, kwamba bila yeye mama angekufa mikononi mwangu. Maneno hayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njia nzima. Aliacha kubangua.

"Kikaratasi chako nilikiona," akasema.

"Siku ile wodini."

"Mwezi mmoja kabla. Alikuja kuchukua dawa, akafungua kama kawaida. Nikauona mwandiko wako. Sikukifungua kutazama ndani, sikumwuliza ni cha nini. Nikamwongezea vya kwangu, nikamwambia funga, mama, nenda salama."

Niliona punje za karanga mkononi mwangu, nikaendelea kuzitazama.

"Kwa nini?"

"Miaka yote ile nilisubiri siku za mama yako. Unajua alikuwa ananiita nani. Nilipouona mwandiko wako nikasema moyoni, haya, mwenye mama amekuja. Basi na amtibu." Alijifuta pua kwa upande wa kanga. "Nilimwuliza kila mtu, miaka ishirini. Yeye sikumwuliza."

Kitu kilipanda kifuani mwangu, chepesi, kitamu, nacho si huruma. Mimi niliandika kizima, lakini yeye aliona akanyamaza. Nilikuwa nimebeba mzigo ule peke yangu miaka sita, na sasa alikuwa ameshika upande wa pili.

"Mama alijua?" niliuliza.

"Nilimwambia siku alipoomba uji. Alinishika mkono, akaniambia nisikwambie wewe mpaka yeye awe ameshaondoka. Alisema, namjua mwenzio, akisikia atafurahi, halafu ile furaha itamwumiza."

Aliinua macho kunitazama usoni, nami sikupata muda wa kuuficha. Nilikuwa nimeshafurahi.